Mikroglia: Seli za Kinga Zinazopogoa Ubongo

Mtahiniwa, katika mada ya kinga ya mwili umejifunza kwamba baadhi ya seli nyeupe za damu humeza bakteria. Katika mada ya uratibu umejifunza kwamba seli za neva hupashana taarifa kupitia sinapsi. Utafiti wa Beth Stevens, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, umeunganisha mada hizo mbili. Usome hatua kwa hatua, maana utakufundisha pia jinsi ya kujibu maswali ya majaribio ya kisayansi.

1. Mikroglia ni nini?

Mikroglia ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Zilipewa jina hilo mwaka 1919 na mtafiti wa Hispania, Pío del Río Hortega. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa walinzi tu: husubiri jeraha au vimelea, kisha humeza seli zilizokufa na uchafu. Mwaka 2005 watafiti waliozichunguza ndani ya ubongo wa panya hai waliona kwamba matawi yake hayatulii. Hupapasa mazingira yake muda wote, hata ubongo ukiwa mzima. Likazuka swali: ikiwa hakuna ugonjwa, zinafanya kazi gani?

2. Kwa nini ubongo hupogolewa?

Ubongo mchanga hutengeneza sinapsi nyingi kuliko zinazohitajika. Mkulima wa kahawa hukata matawi yasiyozaa ili yanayozaa yapate nguvu. Vivyo hivyo, sinapsi zinazotumika huimarishwa na baadhi ya zilizo dhaifu huondolewa. Tendo hili huitwa kupogoa sinapsi, na ni sehemu ya ukuaji wa kawaida.

3. Stevens aligundua nini?

(a) Mwaka 2007, akiwa katika maabara ya Ben Barres, Chuo Kikuu cha Stanford, Stevens na wenzake walichunguza protini za komplementi. Katika damu, protini hizi hunata juu ya bakteria na kuwatia alama ili wamezwe. Watafiti walikuta protini ya C1q kwenye sinapsi za ubongo unaokua. Panya waliokosa C1q au C3 walibaki na sinapsi za ziada katika njia inayopeleka taarifa za macho ubongoni.

(b) Mwaka 2012, akiwa na maabara yake mjini Boston, yeye na Dorothy Schafer na wenzao walionyesha nani hula kilichotiwa alama. Mikroglia zina kipokezi cha CR3 kinachotambua C3, nazo zilikutwa na vipande vya sinapsi ndani yake. Panya waliokosa CR3 au C3 walikuwa na mikroglia zilizomeza sinapsi chache zaidi.

4. Utafiti huu umeleta mabadiliko gani?

Kwanza, wataalamu wa kinga na wa neva walianza kutafiti jambo moja kwa pamoja. Mwaka 2015 Stevens alipata tuzo ya MacArthur. Pili, liliibuka swali zito: je, upogoaji wa utotoni ukiwashwa tena uzeeni, mtu hupoteza kumbukumbu? Mwaka 2016 timu yake ilionyesha kwamba, katika panya wenye mfano wa ugonjwa wa Alzheimer, sinapsi hupotea mapema, kabla ya mabonge ya protini kujikusanya ubongoni. Kuzuia C1q kulipunguza upotevu huo. Mwaka huohuo, utafiti ulioongozwa na Steven McCarroll, ambao Stevens alishiriki, ulihusisha aina fulani za jeni la C4 na ongezeko la hatari ya kupata skizofrenia.

5. Zingatia: mahali alama zinapopotea

• Usiandike "Stevens amepata dawa ya Alzheimer." Matokeo hayo yalitoka kwa panya, binadamu huhitaji majaribio yake.
• Usiandike "jeni la C4 husababisha skizofrenia." Kuongeza hatari si sawa na kuwa chanzo pekee. Wengi wenye jeni hilo hawaugui.
• Usiandike "mikroglia peke yake hupogoa." Mwaka 2013 watafiti wengine walionyesha kuwa astrositi, seli nyingine za ubongo, nazo humeza sinapsi.

Mwanasayansi hupimwa kwa ushahidi, nawe utapimwa kwa namna unavyousema ushahidi huo bila kuuongeza chumvi.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya kazi ya komplementi katika damu na kazi yake katika ubongo unaokua. (Alama 4)
2. Kwa nini watafiti walilinganisha panya wenye C3 na wasio nayo? (Alama 3)
Dokezo: fikiria kazi ya kundi la ulinganishi katika jaribio.
3. "Ubongo unaokua hupoteza sinapsi, kwa hiyo ni mgonjwa." Pinga kauli hii kwa hoja mbili. (Alama 4)