Mama wa Ngara na Biharamulo, Chuo Kikuu Hakiko Mbali

JE, mama mwenye mume na watoto, anayeishi mbali na miji mikubwa, anaweza kusoma chuo kikuu bila kuivuruga nyumba yake? Swali hili linawasumbua akina mama wengi wanaofanya kazi katika shule, zahanati na ofisi za vijijini. Baadhi yao walikwisha kupata shahada ya kwanza kabla ya kuolewa. Sasa wanaona kazi inadai cheti kingine juu ya ile shahada. Lakini wakitazama watoto, shamba la migomba na safari ya kufika Bukoba, wanakata tamaa hata kabla ya kuanza. Makala hii ni kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya waume zao.

Ni cheti gani?

Watu wengi hudhani kwamba baada ya shahada ya kwanza hakuna kingine ila shahada ya uzamili, ambayo ni ndefu na ya gharama. Sivyo. Zipo ngazi fupi za katikati: cheti cha uzamili na stashahada ya uzamili. Zote mbili ni kwa mtu ambaye tayari ana shahada, naye anataka ujuzi maalum wa kazi yake.

Tuchukue mfano wa mama anayefundisha sekondari huko Rulenge au Nyakahura. Ana shahada ya historia. Somo lake analijua vizuri, lakini hakusomea ualimu. Kila mwaka anafundisha kwa mkataba mfupi, na nafasi za ajira zinapotangazwa jina lake halifiki mbali. Huyu anahitaji Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Humo atajifunza saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha na namna ya kupima maendeleo ya wanafunzi, na atafanya mazoezi ya kufundisha darasani chini ya usimamizi. Kwa kawaida ni masomo ya mwaka mmoja. Akimaliza, ataomba kazi akiwa mwalimu mwenye sifa kamili, wala si mtu wa kuziba pengo.

Chuo kinachomfuata mwanafunzi

Zamani mama wa Ngara aliyetaka masomo ya namna hii ilimbidi aache nyumba yake aende kukaa Dar es Salaam. Mambo yalibadilika Bunge lilipopitisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilizinduliwa mwezi Januari 1994, na makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Wazo lenyewe halikuwa geni duniani, maana Uingereza ilikuwa imeanzisha chuo kikuu chake huria mwaka 1969.

Katika chuo huria mwanafunzi hukaa kwake na kuendelea na kazi yake. Hapo mwanzo alitegemea vitabu vilivyochapwa. Siku hizi sehemu kubwa ya masomo hupatikana kwa intaneti, hata kwa simu ya mkononi. Chuo kina vituo mikoani, na kile cha Kagera kiko Bukoba. Mama wa Biharamulo aulize pia kama itamfaa zaidi kufanyia mitihani Mwanza au mkoa mwingine ulio jirani, kwa kulinganisha nauli na mahali pa kulala.

Faida nyingine ni kwamba mwanafunzi anaweza kuongeza muda wa masomo. Mama akijifungua, au mtoto akilazwa, anaweza kuandikia kituo chake na kuomba kuahirisha mtihani. Lakini aandike mapema. Kukaa kimya kumewaponza wengi.

Wanawake walianza wachache

Masomo ya chuo kikuu nchini kwetu yalianza Oktoba 1961, kwa wanafunzi 14 tu wa sheria mjini Dar es Salaam. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria.

Lipo pia fundisho katika Azimio la Musoma la mwaka 1974. Azimio hilo liliwataka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, lakini wasichana walipungua sana chuoni, kwa sababu katika miaka ile ya kusubiri wengi waliolewa na kuanza kulea. Miaka michache baadaye wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Serikali iliona wazi kwamba ndoa na malezi huweza kumfungia mwanamke mlango wa chuo, hata kama ana akili ya kutosha. Mama unayeona mlango huo ni mzito kuusukuma, si uvivu wako.

Zungumza na baba watoto kwanza

Usijiandikishe kwa siri. Ada iliyolipwa kwa kificho huleta maneno siku itakapojulikana, na lazima itajulikana. Chagua jioni yenye utulivu, watoto wakiwa wamelala, mweleze mumeo mambo matatu: kwa nini unahitaji cheti hiki, kitagharimu kiasi gani, na nyumba itakwendaje ukiwa kwenye mitihani.

Msikilize naye. Huenda hofu yake si fedha. Waume wengine huogopa kwamba mke akisoma atawadharau. Hofu hiyo haiondoki kwa ubishi. Itaondoka akiona heshima ndani ya nyumba ni ile ile. Nanyi akina baba, mkumbuke kwamba mshahara wa mama hujenga nyumba ile ile mnayolala nyote.

Kama mama mkwe au wifi yuko karibu, mshirikishe mapema. Siku utakapokwenda Bukoba kwa mitihani, yeye ndiye atakayewapikia wajukuu.

Mambo ya kupanga

Fedha. Mikopo ya Bodi ya Mikopo imelenga hasa shahada ya kwanza, kwa hiyo usiiwekee tumaini. Andika hesabu yote: ada, vifurushi vya intaneti, nauli, malazi na chakula. Uliza kama ada hulipwa kwa awamu. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa chaweza kusaidia, lakini epuka mikopo ya riba kubwa mitaani. Cheti kilichonunuliwa kwa kuuza shamba la watoto ni cha ghali mno.

Muda. Tafuta saa moja au mbili kila siku, wala usingoje mwisho wa wiki. Wengi hufaulu kwa kuamka saa kumi alfajiri, nyumba ikiwa kimya. Kumbuka pia msimu. Mvua za vuli na za masika huleta kupanda na kupalilia maharage na mahindi, basi usome mbele kabla jembe halijakuita.

Kazi. Kama umeajiriwa na serikali, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia mkuu wako wa kazi, nawe uhifadhi nakala.

Watoto. Waambie unachofanya. Mtoto akimwona mama yake mezani na daftari, naye atachukua lake.

Jihadhari na vyeti visivyotambuliwa

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na wapo wanaovutiwa na vyuo vya ng'ambo ya mpaka. Si vibaya. Ila kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa. Tume hiyo ndiyo hutathmini vyeti vya nje. Ni uchungu mkubwa kusoma mwaka mzima, kisha ukaambiwa karatasi yako haina thamani. Na mtu akikuahidi cheti bila mtihani, mkimbie.

Kama mwaka huu mtoto ni mgonjwa au deni halijalipwa, kungoja si kushindwa. Lakini usingoje kwa sababu ya umri au maneno ya majirani. Wiki hii, toa cheti chako cha shahada kabatini, kitolee nakala, na uulize kituo cha chuo juu ya sifa, ada na tarehe ya kujiandikisha. Kuuliza hakuna ada, na jibu utakalopata litakupa jambo la kuzungumza na baba watoto jioni.