Simu Yako na Hewa Ukaa: Kweli au Si Kweli?

Kinachochafua hewa ni kuchaji.
Si kweli. Simu inayochajiwa kila siku hula uniti kama 5 hadi 7 za umeme kwa mwaka mzima. Nyumba yenye friji huzimaliza kwa siku chache. Nchini Kenya, ambako umeme mwingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, uniti hizo hubeba hewa ukaa kidogo mno. Apple ilipokokotoa iPhone 13 ilipata kilo 64 za hewa ukaa kwa maisha yake yote, na asilimia 81 zilitokana na utengenezaji. Unapofungua boksi, sehemu kubwa imeshapaa.

Kifaa kidogo, uchafu mdogo.
Si kweli, na mkosaji ni chipu. Viwanda vyake havizimwi usiku wala mchana, na umeme wa Taiwan, vinakojazana, hutoka zaidi kwenye gesi na makaa ya mawe. Isitoshe, mitambo husafishwa kwa gesi kama naitrojeni traifloridi, ambayo kilo yake moja hunasa joto zaidi ya mara 16,000 ya hewa ukaa. Viwanda huiteketeza kabla haijatoka, ila si yote. Ndiyo maana simu ya GB 512 huandikiwa kilo nyingi kuliko ya GB 128, ingawa kwa macho ni pacha.

Runinga nayo ni hivyo hivyo.
Inategemea. Runinga kubwa inayowaka tangu asubuhi, kwenye nchi ya umeme wa makaa, inaweza kuchafua zaidi sebuleni kuliko kiwandani.

Simu ikichakatwa upya, deni limefutwa.
Si kweli. Dhahabu na shaba hurudi. Umeme uliotengeneza chipu haurudi. Afadhali fundi akubadilishie betri: kilo 52 za kiwandani (asilimia 81 ya zile 64 za iPhone 13), zikigawanywa kwa miaka 6 badala ya 3, hushuka kutoka 17 kwa mwaka hadi chini ya 9.

Kampuni yenye kilo chache ndiyo safi.
Usikimbilie. Hakuna anayepima kilo hizo kwa mizani, hukokotolewa. Viwango vya ISO 14040 na 14044 vinaeleza namna ya kuhesabu, lakini miaka ya matumizi hukadiriwa na mhesabuji. Kikokotoo cha PAIA, kilichozaliwa katika chuo kikuu cha MIT na kutumiwa na Dell na HP, hutoa jibu pamoja na kiasi linachoweza kukosea. Linganisha matoleo ya kampuni moja. Ya kampuni mbili, soma kwanza maelezo ya chini.