Mapunye Hayaponi kwa Kupaka Juu Tu

Mzazi aonapo mabaka ya duara kichwani mwa mtoto wake, nywele zimekatika na ngozi yatoka magamba, mara nyingi hukimbilia dukani kununua dawa ya kupaka. Baada ya siku chache mwasho hupungua, naye hudhani mtoto amepona. Sivyo hata kidogo.

Mapunye huletwa na kuvu, wala si laana. Kuvu hiyo huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki; kwa hiyo mtoto hana budi kumeza dawa. Griseofulvini, iliyovumbuliwa mwaka 1939 na kuanza kutibu watu kwa kumezwa mwaka 1958, ingali ikitumika. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa majuma 6 au zaidi, kwa kipimo cha daktari. Aachaye katika juma la 3 kwa kuwa nywele zimeanza kuota huukaribisha ugonjwa upya.

Jihadharini na krimu zenye steroidi: hutuliza mwasho, huku kuvu ikizidi kuenea.

Kitana, kofia na taulo ya mgonjwa visitumiwe na mwingine. Wafugaji nao wawatazame ndama wenye mabaka ya kijivu kuzunguka macho, maana choa cha ng'ombe huambukiza watu.

Tena mtoto huyo asichekwe shuleni. Ugonjwa wake unatibika, ila wataka subira ya mzazi.