Uzi Hauvuti kwa Uzito Wote

Kitabu cha Isaac Newton, Principia, kilichapishwa London mwaka 1687 kwa fedha za mfukoni mwa Edmond Halley. Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ilikuwa imetumia akiba yake kwenye kitabu cha samaki ambacho hakikupata wanunuzi wengi. Almanusura samaki hao wazizamishe kanuni za mwendo.

Mwaka 1784 mzaliwa wa London, George Atwood, alieleza mtambo wa kuzipima kanuni hizo: mizigo miwili ya uzito unaokaribiana, imening'inizwa kwenye kapi moja. Tofauti ndogo ya uzito ilibidi isogeze mizigo yote miwili, basi mwendo ukawa wa pole kiasi cha kupimika kwa saa za enzi hizo. Kigari na kapi vya maabara zetu za shule vinafuata hila hiyohiyo.

Chukua kigari cha gramu 900 juu ya meza. Kifunge uzi, upitishe juu ya kapi, ning'iniza jiwe la gramu 100. Je, uzi unakivuta kigari kwa kani gani? Wanafunzi wengi hujibu haraka: uzito wa jiwe, nyutoni 0.98. Ni kweli, maadamu umekishika kigari. Ukikiachia, kani ya uzi hushuka mara moja hadi 0.88.

Sababu iko kwenye jiwe lenyewe. Kama uzi ungelivuta juu kwa kani iliyo sawa na uzito wake, kani hizo mbili zingefutana na jiwe lisingeongeza kasi kamwe. Uzito ule wa nyutoni 0.98 unasogeza kilo nzima, kigari pamoja na jiwe, kwa mchapuko wa mita 0.98 kwa sekunde mraba. Kigari kinachukua nyutoni 0.88 za kani hiyo. Iliyobaki inalichapua jiwe.

Ndiyo maana anayetaka kuithibitisha kanuni ya pili ya mwendo hapaswi kuongeza mawe mapya kwenye uzi. Ayahamishe kutoka kigarini, ili jumla ya tungamo isibadilike. Naona miongozo mingi inalipita jambo hili juujuu.

Mchapuko wa mvutano wa dunia ni mita 9.81 kwa sekunde mraba London na takriban 9.78 Mombasa, karibu na ikweta, tofauti ya tatu kwa elfu. Ukipata mchapuko wa 0.8 badala ya 0.98, usiisingizie ikweta. Kagua magurudumu.