Mshipi Uchaguliwe Kabla ya Ufito

Askari aliyepata kufanya kazi katika Mbuga ya Murchison huenda amewaona watalii wakivua kwa namna isiyo ya kawaida. Mshipi mnene wenye rangi hupaa nyuma na mbele kama mjeledi, na mwishoni mwake hamna mnyoo wala chubwi, ila manyoya machache yaliyofungwa juu ya ndoana. Huo ndio uvuvi wa nzi wa bandia. Ni burudani njema ya likizo, lakini zana zake ni ghali, na mnunuzi asiye na habari huweza kutoa mshahara wa miezi akarudi na vitu visivyopatana.

Katika uvuvi tuliouzoea, chubwi ndilo litupwalo, nao mshipi hulifuata. Hapa nzi hana uzito wa kutajika. Kitupwacho ni mshipi wenyewe. Kwa sababu hiyo uzito wa mshipi ndio unaoamua mengine yote. Tangu miaka ya 1960 watengenezaji huipa mishipi hiyo namba kwa kupima futi 30 za mwanzo, yaani kama mita 9. Mshipi namba 5 una gramu 9 hivi, na namba 10 una gramu 18. Ufito nao huandikwa, juu kidogo ya mshikio, namba ya mshipi unaoufaa. Hatudhani askari ahitaji maelezo zaidi, kwani hakuna atiaye risasi za bunduki moja katika bunduki ya kipimo kingine. Ufito namba 10 ukipewa mshipi namba 5 hautapinda, na mshipi utaanguka miguuni pa mvuvi.

Basi swali la kwanza dukani si bei, bali ni samaki gani. Ng'ambo ya mpaka, katika mito baridi ya milima ya Kenya, yupo trauti, ambaye mayai yake yaliletwa na Ewart Grogan kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura. Kwake yatosha ufito wa futi 9, namba 5. Hapa kwetu katika Nile yupo mputa, yule aitwaye sangara huko Mwanza, ambaye huweza kupita uzito wa mtu mzima. Huyo hataki mchezo: namba 10 hadi 12, na nailoni nene mbele ya nzi. Yupo pia ngasa, mwenye meno ya kukata nailoni yoyote; kwake hapana budi kipande cha waya.

Mwenye fedha chache na azitumie kwanza kwa mshipi mzuri, kisha ufito. Gurudumu la kukunjia mshipi, kwa trauti, ni ghala tu, na la bei ndogo litafaa. Kwa mputa mambo hugeuka, maana pasipo breki imara na akiba ya uzi ya mita 200 hivi, samaki ataondoka na kila kitu.

Ufito uliokwisha kutumika si aibu kuununua, lakini ukaguliwe kama silaha inavyokaguliwa. Unganisha vipande uone kama vinakaza. Tazama kwa jicho moja kama pete zimenyooka. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa, pete ina ufa, nao ufa huo utaukata mshipi. Mshipi wenye mipasuko uachwe hapo hapo.

Nzi wasiagizwe mbali bure, kwani wengi wauzwao Ulaya na Marekani hufungwa kwa mikono ya mafundi wa Kenya. Muuzaji atawaonyesha pia suruali ya mpira ya kusimamia majini. Kwa Nile tunasema fedha hiyo ibaki mfukoni. Maji yale yana wenyewe, mamba na viboko, na mvuvi hukaa mashuani au juu ya mwamba, akiwa na kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori.

Tena fito nyingi za leo ni za kaboni, nayo kaboni hupitisha umeme. Ngurumo zikianza, ulazwe chini mara moja, na usiinuliwe kamwe chini ya nyaya za stima.