DAWA YENYE KUTIA DOA KATIKA FILIMU



Mtu akitupiga foto ya darasa kwa filimu ya nyeusi na nyeupe, katika jua kali la Bukavu, iko shida moja. Ngozi yetu ni nyeusi, mashati yetu meupe. Ao nyuso zinakuwa giza tupu, ao mashati yanakuwa kama karatasi, bila kifungo wala mkunjo. Kuna dawa ya zamani yenye kusaidia: pirogaloli.

Inafanya kazi namna gani? Ndani ya filimu mna jelatini yenye chembe za chumvi ya fedha. Pale mwangaza umegusa, dawa ya kusafishia inageuza chembe kuwa fedha nyeusi, nayo dawa yenyewe inabadilika. Dawa za kawaida zina sulfiti nyingi ya kuondoa mabaki ya dawa iliyobadilika. Penye pirogaloli sulfiti ni kidogo. Basi mabaki yanashikamana na jelatini palepale, yanaikaza na kuitia rangi ya manjano. Penye fedha nyingi, doa ni zito. Penye fedha kidogo, ni jepesi.

Sisi watu wa Kivu tunajua jambo hili. Utomvu wa mgomba ukiangukia nguo, mwanzo hauonekani. Hewa ikiugusa unakuwa kahawia, na sabuni haiutoi. Ni kemikali za ukoo mmoja.

Doa linaleta faida gani? Karatasi nyingi za foto zinafuata rangi ya taa: mwangaza wa bluu unaongeza ukali wa picha, wa kijani unapunguza. Doa la manjano linazuia bluu. Katika negativu shati jeupe ndilo lenye fedha na doa nyingi, kwa hiyo ukali unapungua hapo zaidi. Mpiga foto anaweza kuingiza mwangaza wa kutosha juu ya nyuso, na vifungo visipotee.

Mwingereza Frederick Scott Archer aliitumia pirogaloli mwaka 1851. Kisha Edward Weston wa Marekani. Mwaka 1991 Gordon Hutchings alitangaza mchanganyiko wake, PMK.

Lakini tuangalie! Pirogaloli ni sumu, inapita hata katika ngozi: tuvae glavu, tusivute vumbi lake. Tena, tukikuta negativu ya wazee yenye umanjano, tusiharakie kuisugua ao kuitia dawa ya kung'arisha. Pengine ule umanjano si uchafu, ni sehemu ya sura ya mtu.