Chakula Kilichomezwa Bado Hakijaingia Mwilini

Katika mashamba ya Bunju, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo, minazi, mihogo na mboga za majani zimelisha nyumba nyingi tangu zamani. Hata sasa, ambapo viwanja vya makazi vimemeza sehemu kubwa ya mashamba hayo, sufuria ya kisamvu cha nazi haijatoweka jikoni. Hata hivyo, mwanachama yeyote wa ushirika amepata kumwona mtoto ambaye hula akashiba, tumbo likajaa, lakini mwili haukui wala hana nguvu za kucheza. Majirani hushuku kijicho. Mara nyingi sababu imo katika jambo ambalo halielezwi sana, nalo ni kwamba chakula kilichomezwa bado hakijaingia mwilini.

Njia ya chakula, tangu kinywani hadi mwisho wake, ni mithili ya mfereji ukatao shamba. Maji yaliyomo mferejini hayajawa ya mimea mpaka yapenye udongoni na kuifikia mizizi. Kadhalika ugali uliomo tumboni si mali ya mwili mpaka uvuke ukuta wa utumbo.

Kwanza chakula hakina budi kuvunjwavunjwa. Meno, mate, tumbo, nyongo na maji ya kongosho hushirikiana katika kazi hiyo, hata wanga wa muhogo ukawa sukari nyepesi, na protini ya kunde ikawa vipande vidogo kabisa. Kisha huja kuvuka kwenyewe, ambako karibu kote hufanyika katika utumbo mdogo, mrija wenye urefu upatao mita 6 kwa mtu mzima. Ukuta wake una mikunjo, na juu ya mikunjo vimeota vidole vidogo mno, vimesongamana kama manyoya ya zulia. Vitabu vya zamani vilidai kwamba ukuta huo ukitandazwa ungefunika kiwanja cha tenisi. Vipimo vilivyochapishwa na wataalamu wa Sweden mwaka 2014 viliupunguza hadi mita za mraba zipatazo 30 kwa njia nzima ya chakula, yaani ukubwa wa sebule kubwa. Nayo si haba kwa kitu kilichokunjwa ndani ya tumbo.

Ndani ya kila kidole mna mishipa ya damu iliyo myembamba sana. Sukari na vipande vya protini huingia humo na kupelekwa kwenye ini, ambalo hupokea, huchambua na kuweka akiba kama ghala la chama cha msingi. Mafuta hayafuati njia hiyo. Hupitia mishipa ya limfu, kisha humwagwa katika damu karibu na shingo.

Hapo ndipo nazi inapodhihirisha thamani yake. Mchicha, matembele na kisamvu vina asili ya vitamini A, ambayo hulinda macho na kumkinga mtoto na maradhi. Lakini asili hiyo huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hupita utumboni na sehemu kubwa ya hazina yake ikatoka kama ilivyoingia. Tui kidogo, au karanga zilizotwangwa, hutosha kuivusha. Kwa hiyo mkulima auzaye nazi zote hadi ya mwisho, akabaki na mchicha mkavu, amekosea hesabu ya faida.

Madini ya chuma yaliyomo katika mboga nayo ni magumu kuvuka. Limau, chungwa au embe vikiliwa pamoja na mboga huyasaidia. Chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Mama mjamzito afadhali aiache chai hiyo kwa muda wa saa moja au zaidi baada ya kula.

Lakini chakula bora hakifai kitu ikiwa ukuta wenyewe umeharibika. Mtoto aharishaye mara kwa mara hupungukiwa na vile vidole, vikawa vifupi na butu. Minyoo ya safura hung'ata ukuta huo na kunyonya damu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipohimiza uchimbaji wa vyoo, wengi waliona kuwa ni kazi ya kuzuia maradhi tu. Ukweli ni kwamba choo huhifadhi mavuno pia.

Ukuta huo una sifa moja ya kutia moyo: chembe zake hufanywa upya kila baada ya siku chache, nazo huhitaji chakula ili ziote. Ndiyo sababu kumnyima chakula mtoto aharishaye ni kosa kubwa. Aidha, mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba sukari na chumvi huvuka ukuta pamoja, kwa mlango mmoja, na maji huzifuata. Kwa hiyo pakiti ya dawa ya maji na chumvi itolewayo kituo cha afya ikikosekana, mama achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mtoto anyweshwe kidogokidogo na aendelee kunyonya na kula. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, apelekwe kituoni bila kungoja kesho.